Vijei Pitshou na Mashine ya Kurudi Jana

Watu wa mtaa wa Katwe hawaangalii filamu ya Kizungu hivi hivi. Lazima awepo vijei wa kuitafsiri papo hapo kwenye maiki. Katika kibanda cha video nyuma ya wachomelea mageti, vijei wa Kiswahili ni Pitshou, Mkongo wa Bunia, mtu mpole asiyecheka. Kiingereza anakijua nusu. Nusu nyingine huitunga, na jamani, hakuna aliyewahi kulalamika.

Vita vilipofika kwao, alimwacha mkewe Annick ufuoni mwa ziwa. "Ngoja hapa," alimwambia, "natafuta mtumbwi." Umati ukamsukuma ndani ya mtumbwi wa kwanza, nao ukaondoka. Miaka imepita hajapata habari zake, wala hajamsimulia mtu.

Jumamosi mchana wakaweka filamu ya vijana waliounda mashine ya kurudi siku zilizopita, wakijipiga picha wenyewe kwa kamera ya mkononi.

"Mbona picha inatikisika?" akauliza Shamirah, muuza maandazi.

"Mshika kamera ana malaria," akasema Pitshou. "Kamera yenyewe iliokotwa baadaye."

"Na aliyeiokota hakuiuza?"

"Si mtu wa hapa."

Watu wakaridhika. Vijana wakarudia mtihani waliofeli, wakafaulu. Kisha yule mrefu akarudi kwenye siku aliyoachana na msichana wake kando ya maji, akamshika mkono. Hapo Pitshou alitakiwa aseme maneno mawili matatu ya mapenzi apite zake.

"Annick," akasema kwenye maiki, "usingoje hapa. Nilikosea kukwambia ungoje. Mtumbwi tutautafuta pamoja. Twende wote."

Shamirah akashusha sinia lake la maandazi.

"Si alikuwa anaitwa Jessica?" akauliza Shamirah.

"Annick ni jina la nyumbani."

"Na mtumbwi uko wapi?"

"Bado haujaonekana."

Lakini filamu haikujua hayo. Mashine ikavuruga mambo, kijana akalazimika kufuta alichokifanya. Msichana akatoweka, naye akabaki peke yake analia. Pitshou akashusha maiki. Uongo alikuwa nao tele, lakini wa kumrudisha msichana huyu ulimshinda.

"Anasema nini?" akauliza Akidi, mjane wa askari, Mwacholi aliyekaa benchi la mbele.

"Hasemi kitu, mama. Amerudi siku ya leo. Msichana hayupo."

Akidi akaacha kutazama skrini, akamtazama yeye. Mumewe naye aliaga asubuhi kama mtu anayekwenda dukani, akaletwa ndani ya sanduku. Hakuuliza Annick ni nani.

"Basi rudisha pale kwenye maji," akasema. "Mwambie tena, pole pole. Labda hakusikia."

Hakuna aliyebisha, hata Shamirah. Pitshou akairudisha filamu nyuma mpaka msichana akaonekana tena kando ya maji, akingoja. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akainua maiki.

"Annick," akaanza.