Marufuku Kurara Hapa

Msitu wetu umekaa katikati ya mji kama mtu aliyekataa kusogea kwenye foleni. Huku kuna ofisi za kaunti, kule soko na kelele za boda boda, na katikati miti mirefu, mbega wenye mikia mieupe, na kijito kisicho na haraka. Wenzangu wa shule huenda huko kupigana picha. Mimi kila Jumapili nampeleka Mama kulala.

Msicheke. Nyumba yetu imebanwa kati ya kanisa lenye spika kubwa na kinu cha kusaga mahindi. Mama huuza omena, vile visamaki vya ziwani, sokoni siku sita. Siku ya saba Mungu alipumzika, ila majirani zetu hawakupata habari. Kwa hivyo Mama hutandika leso chini ya mti, akavua viatu, na kabla sijamaliza kumenya chungwa anakoroma. Mimi hukaa kando, nikinusa majani mabichi na kutazama mbega wakirukaruka matawini. Huko hakuna wa kunituma dukani.

Jumapili moja tukakuta kibao kipya: MARUFUKU KURARA HAPA. Mama hakukitazama hata, usingizi ulishamkamata. Soja anayelinda msitu akaja na rungu lake.

"Wewe msichana, amsha huyo mama. Hujaona kibao?"

"Nimeona, afande," nikanong'ona. Soja yeyote ukimwita afande hulainika kidogo. "Lakini hakituhusu."

"Hakiwahusu namna gani?"

"Kinakataza kurara. Mama analala. Kurara sijui ni nini, labda ni mambo ya nyani. Mwalimu wetu wa Kiswahili akiona neno hilo anakuzungushia wino mwekundu."

Akakitazama kibao, akanitazama mimi. "Kurara ni kurara," akasema.

"Haya. Na kulala ni kulala."

Nilikuwa nashinda. Nilimwona akitafuta jibu hadi kwenye kofia yake. Ndipo Mama, bila kufumbua macho, akasema, "Ni nani hao wanapiga kelele? Wacheni watu warare."

Soja akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Umesikia mzazi wako?"

Kesi yangu ikafia hapo. Mama akaketi, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, akamtazama. "Kijana wangu, ni mimi nilikuwa narara. Kwetu kuna kanisa na kinu. Niambie nikarare wapi, niende sasa hivi."

Alingoja jibu kwa kweli. Soja akalitia rungu lake kwapani.

"Malizia leo," akasema. "Lakini Jumapili ijayo mkubwa wangu atapita."

Jumapili iliyofuata tukakuta kibao kimesahihishwa. Aliyetumwa kazi hiyo alikuwa na bidii ya kupita kiasi. Kila R aliigeuza L. MALUFUKU KULALA HAPA. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuanza kesi ya pili, Mama akanizuia.

"Nisomee. Wamekataza kuketi?"

"Hapana."

Akatandika leso, akaegemea mti, akanyoosha miguu, akafumba macho. Soja akaja, akasimama mbele yetu.

"Mama, umerara?"

"Nimeketi," akajibu, macho bado yamefumbwa.

Soja akageuka kwenda zake. Kabla hajakifikia kile kibao, Mama alikuwa anakoroma, ameketi vilevile.