Siku Rudaina Alipotamka ‘Sioni’

Saa tatu asubuhi, skrini ya Rudaina Shatnawi ni nyeusi. Ameizima mwenyewe. Vidole vinakimbia juu ya kibodi huku sauti kali ya kompyuta, yenye haraka ya mnadi wa sokoni, ikimsomea masikioni kila mstari anaouandika.

“Mgeni akiisikia anadhani redio imeharibika,” anasema akicheka.

Rudaina, 36, anatengeneza programu za maduka ya dawa katika kampuni ndogo mjini Irbid, Jordan. Miaka minne iliyopita macho yake yalianza kufifia kuanzia pembeni. Madaktari walimwambia ugonjwa huo hauna tiba. Alimwambia mumewe tu.

Kazini alificha. Alijifunza kusikiliza badala ya kusoma, akang’ang’ania programu ya kuandikia ya kizamani, isiyo na mapambo, kwa sababu ndiyo pekee iliyosomeka vizuri kwa sauti.

Kwa watu wa kazi hii, chombo unachotumia ni kama timu unayoshabikia. Ghaith, anayekaa meza ya jirani, hakumwacha apumue.

“Mama Laith, hicho kitu ulikirithi kwa bibi yako?”

“Ndiyo, na wewe chako kinafikiri kila kitu kwa niaba yako. Siku kikiugua, utaomba ruhusa?”

Wote walicheka, naye akacheka.

Mwaka jana bosi wao, Muhannad, aliamuru wote watumie chombo kimoja kipya. Kilijaa rangi na vidirisha, na ile sauti ikawa inaruka maneno. Rudaina akaanza kukosea. Usiku hakulala.

Siku moja Ghaith alikuja kukagua kazi yake. “Dada, umefuta sehemu nzima ya malipo! Huoni?”

“Sioni,” akajibu.

“Nilijua nimejifukuza kazi kwa neno moja,” anakumbuka.

Ghaith naye hajaisahau siku hiyo. “Masikio yaliniwaka kwa aibu. Matani yote yale, kumbe mwenzangu anapigana vita peke yake.”

Muhannad alipomwita, Rudaina alikuwa ameshafungasha kikombe chake na picha ya mwanawe.

“Hakuniuliza kwa nini nilificha. Aliniuliza, ‘Unahitaji nini?’ Nikalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.”

Amri ile ilifutwa siku hiyohiyo. Sasa kila mtu anatumia chombo anachokiweza, mradi kazi iwe safi. Matani hayajaisha.

“Mama Laith, huyo mama anayekusomea anakimbizwa na nani?” Ghaith anauliza, akimletea chai ya maramia, majani yenye harufu kali.

“Wangeacha kunitania, ningejua wananihurumia,” anasema Rudaina. “Siku hizi nalala mpaka adhana iniamshe.”

Anapanga kuwafundisha wasichana wasioona kazi hii, bure, kila Jumamosi. Mmoja ameshampigia simu kuuliza kama kweli kazi ya namna hiyo ipo.

“Nikamwambia, ipo, mwanangu. Njoo, uje na masikio yako tu.”