Walisema Mama Anaringa

Tangu utotoni nimekuwa mtu wa maneno machache. Nyumbani kwetu Maji ya Chai, kaka zangu walipobishana, mimi nilikaa kando nikiwatazama nyuso. Wakinisema, mama aliwaambia, "Mwacheni, anasikiliza."

Mwaka juzi nilipata likizo, nikawa nashinda naye kwenye genge lake la ndizi kando ya barabara kuu. Wifi yangu alikuwa ameshaniambia kwamba mama siku hizi anaringa.

"Namwamkia shikamoo, ananipita kama hanioni. Hata kanisani watu wanalalamika."

Pale gengeni nilikaa juu ya ndoo niliyoipindua, nikimenya karanga huku naangalia. Mteja akija kwa mbele, mama alimchangamkia kama zamani. Akija kwa nyuma, mama aliendelea kupanga ndizi zake. Basi likipita kwa kishindo, sisi wengine tulinyamaza kidogo, lakini yeye alikazia macho midomo ya mteja na mazungumzo yakaendelea. Muuza parachichi wa jirani alipomwita kutoka kushoto, hakugeuka.

Tulipobaki wawili nilihamia kulia kwake. "Mama, sikio la kushoto linakusumbua?"

Alifuta mikono kwenye khanga. "Nani amekuambia?"

"Hakuna."

Alizipanga upya ndizi zake. Kisha akasema, "Kaka zako wakijua wataniambia nikae nyumbani. Na mimi hapa ndipo ninapoongea na watu, mwanangu."

Nilimwahidi kwamba genge litabaki lake, na kaka zangu nitawakabili mwenyewe. Tukaenda hospitali mjini, akapimwa, na baada ya wiki kadhaa akapewa kifaa cha kusikia. Wifi alipopita nyuma yake na kumwamkia, mama alimwitikia "Marahaba, mama" kabla hata hajamaliza. Wifi akasimama pale, machozi yanamlengalenga.

Jioni ile mezani, baba alivuta chai yake kwa mlio, kama alivyofanya maisha yake yote. Mama akaweka kikombe chini.

"Mzee, ndivyo unavyokunywa?"

"Tangu tuoane," baba akasema.

Kesho yake baba akahamia barazani na kikombe chake. Haikufika wiki, mama akamfuata huko na chupa ya chai, akasema ndani kumekuwa kimya mno.