Mama yangu ameisalimia ofisi nzima

Leo bosi wangu amesimamisha kazi kwa sababu ya mama yangu.

Asubuhi niliiseti simu ya intaneti ya ofisini, ili ujumbe wa sauti uwe unakuja kwenye imeli yangu. Kumbe nimeweka imeli ya ofisi, ile tunayoifungua sote.

Mama akanikosa kwenye simu ya mkononi, akapiga ya ofisi, hakuna aliyepokea, akaacha ujumbe. Bosi akafungua ujumbe, spika juu.

"Mwanangu, umeamkaje? Wa kazini wazima? Bosi wako, mguu umepona? Akello mwenzako, mtoto wake ameacha kukohoa?"

Simu ikamkata. Ujumbe mmoja mwisho wake dakika moja tu.

Akapiga tena, ujumbe wa pili ukaingia. Wenye mama wa kwetu Kawempe mnajua, salamu haianzwi katikati. Akaanza upya na umeamkaje. Ikamkata. Akarudia, ikamkata.

Sasa hakuna anayefanya kazi. Akello akaninong'oneza, "Kuna jambo nyumbani. Mpigie."

Nikapiga, nikaweka spika, wote wamenizunguka.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa nakusalimia. Lakini huyo bosi, mbona hajanijibu habari ya mguu?"

Bosi akainama kwenye simu, taratibu.

"Umepona, Mama. Umeamkaje?"