Jino la Mbele la Mwalimu Mwanaima

Mchele wa siku za vita ulikuwa na mawe, na kule Jomvu Kuu hakuna mwanamke aliyeuinjika motoni bila ya kuupepeta na kuuchagua. Bi Mwanaima aliuchagua kama wenziwe, na bado kijiwe kimoja kikampita. Akakitafuna. Jino lake la juu, la mbele, likakatika nusu.

Angekuwa mtu mwengine angejifunika mdomo kwa upindo wa leso, siku zikapita. Lakini Bi Mwanaima alikuwa mwalimu wa chuo. Barazani kwake wasichana wa mtaa walisomeshwa Kurani mdomo kwa mdomo: yeye husoma, wao humtazama ulimi, kisha huitikia vile vile walivyomsikia. Ndivyo alivyosomeshwa na mamake, na mamake na waliomtangulia.

Akaendelea kusomesha hivyo hivyo. Siku moja aliwanyamazia awasikilize wakisoma Alhamdu peke yao. Walipofika "alladhina", baraza zima likapiga mluzi. Watoto wenye meno yao kamili, wote wanatamka kama mwenye pengo! Barke, mwanafunzi wake wa zamani aliyemsaidia kusomesha, aliinamisha uso kuficha kicheko. Bi Mwanaima hakucheka. Hiyo Alhamdu ndiyo wanayosalia. Akawaambia waende kwao.

Nduguye Abdillahi alipopata habari akaja na dawa yake. "Dada, tia dhahabu. Ukicheka hapa, watu wa Changamwe wafumbe macho."

"Sitafuti urembo, Abdillahi. Nataka herufi yangu."

Wakaenda mjini, kisiwani, kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja wa makamo, mpole wa maneno. Alikigonga kile kisiki, akakitazama kwa kioo kidogo, akatikisa kichwa. Kofia ya dhahabu ingefaa, alisema, lau mzizi ungekuwa mzima. Huu umepasuka, hauna budi kung'olewa. Zimebaki njia mbili. Moja ni kuyachonga meno mawili ya jirani na kuyavika kofia, yalibebe jino jipya baina yao. Hilo likishaingia halitoki. Nyingine ni jino la bandia lenye kibao chembamba cha kushika kaakaa, la kuvaa na kuvua.

"Lisilotoka ndilo imara," akasema Abdillahi.

"Na hayo mawili yamekosa nini hata yachongwe?" Bi Mwanaima akamgeukia daktari. "Nitengezee la kuvua."

"Mwanzo litakuwa zito, mama. Maneno yatakataa. Soma kwa sauti kila siku, ulimi utazoea."

"Utazoea lini?"

"Ulimi ni wako, mama. Mimi natengeneza jino tu."

Kisiki kiling'olewa, na kidonda kilipopona jino jipya likawa tayari. Kabla ya kuwaita wasichana, alimkalisha Barke juu ya mkeka wa mwalimu, mwenyewe akakaa chini, mahali pa mwanafunzi, akaisoma Alhamdu taratibu mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu," akasema Barke, macho chini.

Bi Mwanaima alikuwa amejisikia. Mluzi umeondoka, ni kweli, lakini ulimi ulijikwaa kwenye kile kibao, na herufi ikatoka nzito kama iliyofungwa kitambaa.

"Barke."

"Abee, mwalimu."

"Umeniogopa mimi. Hukuiogopea sala ya watoto wale."

Machozi yakamlenga Barke. "Bado, mwalimu."

"Bado wapi?"

"Dhali bado. Na ra, ambayo ilikuwa nzuri, sasa imeharibika."

Tangu mamake alipofariki, hakuna aliyewahi kumsahihisha kusoma. Neno lile lilimchoma, wala hakulificha. Alijipangusa uso kwa leso. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Hilo ndilo nililokuitia. Leo utawasomesha wewe."

Wasichana walipokuja alasiri, walimkuta Barke juu ya mkeka wa mwalimu, na mwalimu wao yumo safuni, amekunja miguu, juzuu mbele yake. Mmoja akamuuliza mwenziwe kwa kunong'ona kama Bi amefukuzwa.

"Nimerudishwa alifu, mwanzo kabisa," akajibu Bi Mwanaima mwenyewe. "Jisogezeni huko, nami nipate pa kukaa."

Wakajisogeza. Barke akaanza kusoma. Wasichana wakaitikia, na sauti ya Bi Mwanaima ikaitikia pamoja nao, ikijikwaa, ikirudi nyuma, ikijaribu tena.