Spika Mbili za Mdogo Wangu

Roho iliniuma kwa sababu ya boksi la spika, na sitajitetea. Boksi lenyewe lilikuwa la mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika gita.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa bendi moja pale Voi, mimi solo, yeye ridhim. Siku moja akaja na boksi lenye spika mbili zisizofanana: moja mpya, nzito, nyingine kuukuu ya redio ya kabati. Ndani alishindilia nyuzi za katani kutoka Mwatate. Nikamcheka, nikamwuliza tangu lini ng'ombe na mbuzi wakalima pamoja. Kisha akapiga. Ile mpya iligonga kifuani, ile kuukuu ikaimba juu yake, safi kabisa. Wapishi wa hoteli tuliyokuwa tukipigia walitoka jikoni kusikiliza. Kwa solo yangu hawakuwahi kutoka.

Kiongozi wetu akasema harusi ya Mwatate itaamua: gita litakalosikika vizuri ndilo litakalopiga solo.

Nimwulize mdogo wangu siri yake? Mimi, kaka mtu? Nilitafuta spika kama zake, nikaziunga nyaya mwenyewe, alama nyekundu kwa nyekundu.

Harusini, mchana kweupe, gita langu likatoa kisauti chembamba, besi hakuna. Nikaongeza sauti, wapi. Watu waliendelea kula pilau yao. Mdogo wangu angenyamaza tu, solo ingekuwa yake. Badala yake alikuja, akafungua boksi langu mbele ya watu, akatoa betri ya tochi mfukoni. Akaigusisha kwenye nyaya za spika ya kwanza, karatasi yake ikaruka mbele. Ya spika ya pili ikarudi nyuma.

"Kaka, hizi zinapingana," akaninong'oneza. "Hizi kuukuu usiamini alama zake. Mimi huzipima kwa betri kwanza."

Akageuza nyaya za ile kuukuu. Nikapiga, na bibi harusi akaacha sahani yake akaja kucheza. Kiongozi akaniambia solo inabaki kwangu. Mdogo wangu akapiga makofi kuliko wote, kwa furaha ya kweli, na hapo ndipo nilipomchukia hasa.

Mpaka leo watu wa Voi wakisifu sauti ya gita langu la zamani, nawashukuru. Sijawahi kumtaja.