Daktari wa tatu alinitoa inje

Leo daktari amenitoa inje, mimi mwenye kuleta mugonjwa!

Maman alikulia Bukavu, Kinyarwanda kinamushinda. Tangu tuhamie Kamembe, huku Rwanda, tunamutafutia daktari wa kufuata afya yake siku zote, na mimi ndiye namutafsiria.

Kwa daktari wa kwanza Maman alisema: "Ni magoti tu." Kwa wa pili, magoti tena.

Wa leo ni dada mumoja anayejua Kiswahili.
Akaniambia: "Papa, utungojee inje."
Nilikasirika kabisa.

Maman akatoka na barua ya kumutuma hospitali. Ana uvimbe kwenye titi, tangu mwaka jana.

"Maman, mbona hukusema?"
"Nitaje titi langu mbele ya mutoto wangu mwanaume?"

Daktari wake, Maman amemuchagua: ni huyo dada.

Nyinyi benye munasindikiza bamama zenu, munatokaga inje?